Mchunga Nilioung'oa Mikelenge

Salima, mama,

Barua hii ataileta Shabani wa pikipiki. Anaondoka hapa Kampene kesho alfajiri, na kama barabara haitamfanyia vibaya utaisoma huko Kindu jua likiwa bado juu, kisha asubuhi yake na wewe utapanda pikipiki kwenda kufundisha Kasongo. Naandika leo kwa sababu mvua imefunga mashimo ya dhahabu. Maji yamejaa mpaka mdomoni na hakuna anayeshuka. Wenzangu wamelala, wengine wanacheza karata. Mimi nimekalia ndoo iliyopinduliwa, karatasi nimeiweka juu ya ubao wa kuoshea mchanga, ndiyo maana mistari inapanda na kushuka. Shule yangu iliishia darasa la nne, unajua. Ukikuta neno limepungukiwa herufi, mwalimu ni wewe sasa, litengeneze.

Mambo ya safari sitayagusa. Nini cha kufunga, nini cha kuacha, ukae vipi nyuma ya pikipiki kwenye matope, mama yako amekwisha kukuambia yote, tena mara tatu tatu. Namjua.

Mimi najibu swali lako. Wiki iliyopita ulinitumia sauti kwenye simu ya Shabani, nikaisikiliza nimesimama kando ya barabara, yeye ameishika simu kwa nguvu kama vile ningekimbia nayo. Ulisema hivi: "Papa, mwalimu mwenzangu wa kule anasema sombe ya mihogo imeshikwa na ugonjwa, na soko njo mara moja kwa juma. Napenda kupanda muchunga nyuma ya nyumba. Unapandwa namna gani? Nimeuliza mama, anasema nikuulize weye."

Nilimwomba Shabani arudishe mwanzo. Akarudisha.

"Papa Ramazani," akasema, "mutoto anauliza majani tu. Mbona umekuwa kama muntu wa matanga?"

Nikamwomba arudishe tena.

Salima, mama yako anajua mchunga kuliko mimi. Alifundishwa na koko wako, mama yangu mzazi, tangu alipoingia kwetu akiwa bibi arusi. Mbegu, wakati wa kupanda, wakati wa kuchuma, vyote anavijua. Alipokuambia uniulize mimi hakuwa anasema habari ya mbegu. Miaka ishirini na kitu amenisubiri niseme jambo moja, na ameona kwamba sasa unatoka nyumbani bila kulijua. Kwa hiyo nitajibu yote mawili. Nitaanza na mbegu kwa sababu ndizo rahisi.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya daftari imekunjwa mara nne. Ifungue pasipo upepo. Mbegu za mchunga ni nyembamba, za kahawia, kila moja ina kipamba chake cheupe, na zikipata upepo kidogo hutaziona tena. Usizifukie. Hilo ndilo kosa la kila mtu anayeanza: anachimba mashimo kama ya mahindi, anazika mbegu, halafu anakaa mwezi mzima akisema mbegu ni mbovu. Mbegu ndogo namna hii haina nguvu ya kupanda kutoka chini. Lainisha udongo kwa mkono, changanya mbegu na mchanga mkavu, nyunyiza juu, kisha pigapiga taratibu kwa kiganja. Funika kwa majani makavu ya mgomba, mwagia maji kwa vidole, si kwa ndoo. Baada ya siku chache inua yale majani uangalie. Ukiona vijani viwili viwili kama masikio ya panya, ondoa kifuniko, lakini weka kivuli kidogo upande wa jua la mchana.

Miche ikifikisha majani manne, punguza. Ile iliyosongamana ing'oe udongo ukiwa umelowa na uihamishe jioni, na mzizi utoke mzima. Mchunga una mzizi mmoja mrefu wa kwenda chini. Ukikatika, mmea unakaa tu, hauendi mbele wala haufi. Acha shibiri moja na nusu kati ya mche na mche. Mbolea ya mbuzi iwe ya zamani, iliyokwisha kupoa. Ukiweka mbichi majani yatakuwa mapana sana, lakini wadudu weusi wadogo watajaa chini yake. Wakija, wapulizie majivu makavu asubuhi umande ukiwepo.

Kuchuma ndiko kwenye kazi. Mchunga hauchumwi kama sombe. Chukua majani ya chini, matatu au manne kwa kila shina, uache kiini cha katikati. Utatoka utomvu mweupe kama maziwa, utakushika vidole na kuwa mweusi, usishtuke, mafuta ya mawese yanautoa. Ukipita mashina yote leo, kaa siku nne ndipo upite tena. Na angalia sana siku utakapoona shina limeanza kurefuka katikati na vitufe vya maua vinatokea juu. Siku hiyo hiyo vikate kwa kucha. Ukiacha ua lifunguke, majani yanakuwa machungu na magumu, na mmea unaona kazi yake imekwisha. Ukikata, unakupa tena mwezi mzima, pengine miwili.

Ila shina moja liache. Liache lirefuke, litoe maua ya manjano, lifanye pamba. Koko wako aliliita shina hilo mama wa mbegu. Halichumwi hata jani moja. Linakuwa baya, refu, limeinama, linakauka kuanzia chini, na mtu asiyejua atakuambia ulitupe. Usilitupe. Bila hilo una mboga ya msimu mmoja tu.

Kupika unajua. Chemsha, mwaga maji ya kwanza, kisha karanga za kutwanga au mawese. Uchungu kidogo ubaki. Usipobaki utakuwa umepika majani yoyote tu.

Hapa Kampene nina tuta langu, nyuma ya kibanda. La kwanza nililiweka chini, karibu na mahali wanapooshea dhahabu, kwa sababu maji yalikuwa karibu. Majani yalitoka mazuri kweli. Mama mmoja anayeuza chakula kwetu wachimbaji aliyaona akaniuliza, "Papa, unataka kuua nani?" Akanionyesha maji. Ile zebaki, dawa ya rangi ya fedha wanayoshikia dhahabu, inatiririka palepale, na mchunga unakunywa kila kitu. Niling'oa tuta lote nikaanza upya juu kwenye mwinuko, ninabeba maji mwenyewe. Na wewe huko angalia maji yanatoka wapi.

Wenzangu walinicheka sana mwanzoni. Yuko mmoja anaitwa Kiza, tunashuka shimo moja. Kila nikiinama kwenye tuta anapiga kelele: "Njooni muone! Papa Ramazani anachunga mbuzi, lakini mbuzi njo yeye mwenyewe!" Watu wanacheka. Siku moja alipata homa, akakaa siku sita hali kitu. Siku ya saba aliniita pole pole, hataki wengine wasikie. "Papa, yale majani ya mbuzi iko bado?" Nikampikia. Tangu siku hiyo anakuja na sahani yake mwenyewe, na kelele anapiga vilevile.

Sasa lile jambo la pili.

Umekua ukisikia watu wanamwita mama yako Mama Amisi, na Amisi mwenyewe hukumwona. Unajua alikuwa kaka yako, na kwamba alikufa wakati wa vita, wewe ukiwa hujazaliwa. Unajua pia habari ya tuta la mchunga la koko wako, pale nyuma ya nyumba ya Mikelenge, hapo Kindu, na kwamba wenye bunduki walipita wakalikanyaga lote tukabaki bila kitu. Hiyo uliambiwa na majirani, nao waliambiwa na mama yako. Mimi nilikuwepo ikisemwa, mara nyingi, na nilinyamaza kila mara.

Hakuna mwenye bunduki aliyelikanyaga tuta lile. Nililing'oa mimi kwa jembe.

Ilikuwa hivi. Nilikuwa kijana, nina mke, nina mtoto wa miaka mitatu, na kazi ya kubeba mizigo pale bandarini. Vita vilikuwepo, lakini bado vilikuwa mbali na nyumba, watu walikuwa wakienda shamba na kurudi. Ikaja habari kwamba baba wa mama yako anatoka Kibombo kuja kutuona. Ilikuwa mara ya kwanza kukanyaga kwetu tangu harusi. Unajua desturi yetu mkwe akija. Lupango, uwanja wote wa nyumba, inafagiliwa mpaka udongo unang'aa, jani moja halisimami kuanzia barabarani mpaka chooni. Mkwe akikuta majani, anasema binti yake amepewa mtu mvivu, au mbaya zaidi, anasema wanakula majani ya porini kwa sababu mume hana kitu.

Na mchunga, Salima, kwa macho ya wakati ule, ulikuwa majani ya porini. Watu walikula, lakini walikula wamefunga mlango. Koko wako peke yake ndiye aliyeufanyia tuta waziwazi, na kulipalilia, na kugawa kwa nyumba nne za jirani. Mimi nilikuwa nikiona haya kupita hapo na rafiki zangu.

Siku mbili kabla ya mgeni, nilichukua jembe. Koko alinikuta nimekwisha kufika katikati ya tuta.

"Unafanya nini?"

"Ninasafisha. Mukwe anakuja."

"Mukwe anakuja kula ama anakuja kukagua choo?"

"Mama, miye njo nitaonekana mubaya, si weye."

Hakunishika mkono. Alitembea mpaka mwisho wa tuta, akasimama mbele ya lile shina la mbegu, refu, limekauka nusu, pamba imejaa kichwani. Akasema, "Aya. Acha huu moja tu."

Ningeweza kuuacha. Lakini ulikuwa umesimama upande wa njia ya kuingilia, ndio ambao mgeni angeuona kwanza. Nikaung'oa na huo mbele yake. Kisha, kwa kuwa nilikuwa kijana anayependa kazi imalizike vizuri, nilichimbua mizizi yote, nikakusanya rundo, nikalitia moto pamoja na pamba na mbegu, nikafagia majivu. Koko aliingia ndani. Hakusema tena neno juu yake mpaka mwisho wa maisha yake. Ningependa angenitukana.

Mkwe wangu akafika, anasukuma baiskeli yenye gunia la mchele wa Kibombo. Mzee mrefu, mpole, tumbo lake lilikuwa likimsumbua miaka mingi. Alikaa, akanywa maji, akaangalia lupango iliyofagiliwa. Nilikuwa nasubiri aisifu. Akasema, "Mukwe wangu, binti yangu aliniambia mama yako iko na tuta ya muchunga. Miye tumbo yangu inapatana na ile tu. Njia yote nimekuwa nikiiwaza. Iko wapi?"

Unaweza kufikiri jinsi nilivyokaa.

Hapo ndipo nilipotoa jibu ambalo limenifuata mpaka leo. Nilisema, "Wenye bunduki walipita juma lililopita, baba. Walikanyaga yote." Nilisema hivyo haraka, bila kufikiri. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mchele mikononi. Alisikia. Aliangalia chini, akaja akaweka sahani mbele ya baba yake, akapiga goti, akasema, "Karibu, papa."

Uongo huo ulifanya kazi yake palepale. Mzee alikuwa amepanga kukaa siku tatu. Aliposikia kwamba wenye bunduki wanapita mpaka ndani ya malango ya watu, akaogopa njia, akasema atangoja kidogo hali itulie. Alingoja siku tisa. Siku ya kumi mji ulifungwa.

Wewe umesikia habari ya kufungwa kwa mji, sitairudia yote. Wapiganaji waliokuwa porini hawakutaka mtu atoke, askari waliokuwa mjini hawakutaka mtu atoke. Ukikutwa kwenye njia ya shamba, upande huu walisema unapelekea wale chakula, upande ule walisema umetumwa kupeleleza. Muhogo wetu ulikuwa ardhini, mwendo wa saa mbili, lakini kwetu ulikuwa kama uko mwezini. Mchele wa mzee tulikula, ukaisha. Tulikuwa watu watano: koko, mzee, mama yako, Amisi na mimi. Tukabaki na unga wa muhogo wa kupima kwa kikombe, na chumvi kidogo.

Watu walianza kutafuta majani. Sasa hakuna aliyefunga mlango. Wake za majirani, wale wa zile nyumba nne, walikuja mmoja mmoja na vikapu vyao, wakitegemea tuta la koko kama zamani. Wakafika, wakasimama, wakaangalia ile sehemu iliyofagiliwa. Lupango yetu ilikuwa safi kuliko zote za mtaa ule. Koko aliwaambia tu, "Hakuna." Hakusema nani wala kwa nini.

Amisi alianza kuvimba miguu. Nywele zake zikawa nyepesi, rangi ya nyuzi za mahindi. Ugali mtupu aliukataa, alikuwa akiushika mdomoni bila kumeza, anatuangalia. Mama yako alimwambia, "Meza, baba, meza," na yeye anatikisa kichwa. Muuguzi mmoja aliyekuwa akiishi karibu alimwangalia akasema mtoto amekosa vitu vingi, samaki, maharage, maziwa. Nakuandikia hili kwa sababu sitaki uamini jambo ambalo mimi mwenyewe sijui. Sijui kama mchunga ungemponya. Pengine hapana. Najua tu kwamba ugali wenye mchunga alikuwa akiumeza, alikuwa akila mpaka anaramba vidole, na kwamba tuta lile lilikuwa na mashina zaidi ya sitini.

Koko aliondoka asubuhi moja bila kuniambia, akafuata reli, anatafuta mchunga kati ya mawe, kwa sababu unapenda udongo uliovurugwa. Askari walimrudisha mara mbili. Mara ya tatu alirudi na miche mitatu kwenye pindo la kitenge, amelowesha kwa mate kwa kuwa hakuwa na maji. Akanitazama, akasema, "Lete jembe." Ndiyo siku niliyojifunza yote niliyokuandikia hapo juu. Alinifundisha pole pole, kama mtu anayefundisha mtoto wa jirani. Shibiri moja na nusu. Mzizi usikatike. Kivuli upande wa mchana.

Miche ilishika. Ilikuwa imefikia urefu wa kidole Amisi alipokufa.

Kwenye matanga mama mmoja alimuuliza mama yako, mbele ya watu wote, baba yake akiwa pale: "Na majani ya koko, hata hayo yalikwisha?" Nilijua swali limefika. Koko aligeuka akaniangalia mimi. Nikaangalia miguu yangu. Mama yako akasema, sauti yake haikutikisika, "Wenye bunduki walipita. Walikanyaga yote."

Miaka michache baadaye, wewe ulikuwa umeanza kutembea, nilimuuliza kwa nini alifanya vile. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho. "Papa yangu angesikia kweli siku ile, angenirudisha Kibombo," akasema. "Na miye nilikuwa sitaki kurudi." Nikamwuliza kama sasa, kwa kuwa mzee amekwisha kufa, anataka niseme. Akasema, "Si miye wa kusema. Weye njo ulianza."

Niliona ni heri kuja huku. Nilikuambia ni kazi, na kazi ipo kweli, migongo yetu inajua. Lakini kazi ilikuwepo Kindu pia. Kilichonishinda ni kuamka kila siku nikiona mahali pale. Koko alipokufa, mama yako hakupanda tena mchunga, wala hakupanda kitu kingine, alipaacha patupu, akawa anapafagia. Sikuwahi kumuuliza kwa nini anapafagia. Nilikuwa nikija mara moja kwa mwaka, nakuletea viatu, nakubeba mabegani, nakaa juma moja, naondoka. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukilia nikiondoka. Baadaye ukaacha. Niliona siku ulipoacha.

Unanidai neno la baba kwa mtoto anayeondoka, na mimi sina mengi. Nilimwogopa mgeni wa siku tatu kuliko nilivyowaheshimu watu niliokuwa nikiishi nao. Hilo lilikuwa kosa la kijana, na vijana wengi wamelifanya wakapona. Kosa langu kubwa lilikuja baada ya hapo. Ningeweza kumwambia mzee ukweli siku ya kwanza, angenicheka au angekasirika, na angerudi kwao siku ya tatu. Ningeweza kusema kwenye matanga. Ningeweza kukuambia ulipokuwa na miaka kumi ukiniuliza wenye bunduki walikuwa na sura gani. Uliniuliza hivyo, unakumbuka? Nikakuambia sikuwaona vizuri. Kila mara kusema kulikuwa kugumu kuliko mara iliyopita, na nilidhani siku zitakapozidi kupita kutakuwa rahisi. Haikuwa hivyo hata mara moja.

Utakapokaa huko kwenu kupya, watu watakuja kuona nyumba yako. Wengine watacheka kwamba mwalimu amepanda majani ya mbuzi. Sijui utafanya nini, na sikuagizi. Nimekuambia tu mimi nilivyofanya.

Mama yako hasomi. Nakuomba umsomee barua hii leo jioni, yote, usiruke mahali kwa kunionea haya au kumwonea huruma yeye. Ukifika pale penye Amisi soma taratibu. Akikuambia basi, funga. Akinyamaza, endelea mpaka mwisho. Mwambie pia kwamba nimekubali, neno lile lilikuwa langu na nimelichukua, asilibebe tena mbele ya mtu yeyote. Majirani wakiuliza, aseme kweli. Sitaona vibaya. Ningekuwa huko ningesema mwenyewe, na kama atanikubalia, mvua zikiisha nitakuja niseme.

Yamebaki mambo ya barabara. Pikipiki za Kasongo zinapita hapa Kampene mchana, na nyumba yangu iko pale kilima kinapoishia, upande wa kulia, paa la turubai la bluu. Siku yako ya kupita sitashuka shimoni, na barabarani pia sitasimama. Nimefikiri sana juu ya hilo. Nikisimama barabarani utalazimika kuamua uso wangu ukiwa mbele yako, na sitaki uamue hivyo. Nitakuwa ndani. Ukitaka kuniona, mwambie dereva asimame, mlango hauna kufuli. Usipotaka, mwambie apite, hata kama ni kwa mwaka huu tu, hata kama ni kwa siku zote. Sitamuuliza Shabani kitu. Nitaisikia pikipiki inashuka kilima, nitaisikia inapita, nami nitajua kwamba barua imefika.

Ni mimi baba yako,
Ramazani